Rangi Hazihamishiki

Mashine inataka gigabaiti thelathini.
Mimi ninazo kumi na moja
na usiku mmoja tu, maana Jumatatu mfumo wa zamani
unakatiwa matibabu: hakuna viraka tena,
hakuna mlinzi mlangoni.

Ilham kabandika karatasi kwenye friji kabla ya kurudi chuoni,
mwandiko wake ule wa kukimbia:
"Baba, chaja usiichomoe. Nakala KWANZA.
Na usibofye kitu ukiwa na hasira."

Nimetii. Chaja iko ukutani.
Nje, Barabara ya Kettering imelowa chapachapa,
basi la mwisho limepita na taa zake, bila abiria.
Northampton imelala. Mimi nafagia.

Naanza na vyepesi. Harusi ya Milton Keynes,
video ile ile mara nne, kila shangazi kaituma upya:
tatu pipani.
Risiti ya televisheni tuliyokwisha kuitupa.
Masomo ya udereva ya mwaka niliofeli mara mbili.
Picha sitini na tatu za kidole changu mwenyewe.
Kumi na tisa. Ishirini na nne.
Thelathini na mbili, na jasho, na chai imepoa.

Ndipo onyo linapotokea, jekundu:
programu ya daftari haitafunguka kwenye mfumo mpya.
Niliinunua kwenye kisahani, dukani,
duka sasa linauza miwani,
na kampuni iliyoitengeneza haipokei simu.
Humo ndani kimo chama chetu cha kuzikana,
miaka kumi na saba ya pauni kumi kumi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na watu je?

Nahamisha kwenda faili la kawaida. Namba zinapita salama.
Majina yanapita, hata Mwanakheri na herufi zake zote.
Rangi hazipiti.

Rangi nilizipaka mimi, usiku kama huu,
sikumwambia mtu maana yake.
Kijani: tumemzika, tumemaliza.
Buluu: anaumwa, usimdai.
Zambarau: analipa, ila mumewe asijue.
Sasa ukurasa wote mweupe, pepepe,
mgonjwa na mzima, maiti na mkaidi,
wote sawasawa, kama kwenye foleni ya posta.

Basi narudi safu kwa safu, naandika kwa maneno.
Machano Pandu: amezikwa, ndege imelipwa.
Bi Mwatima Shaame: amezikwa. Alileta sarafu
ndani ya bati la biskuti, akanihesabisha mara mbili,
"kuhesabu si kutuhumu, mwanangu."
(Hili la bati halina safu. Naliandika hivyo hivyo.)

Safu ya thelathini na moja, Vuai Mcha. Njano.
Miezi sita hajalipa.
Alihamia Hull kufuata kazi ya samaki wa barafu,
akafia huko, tukamzika bila kuuliza.
Kila mwaka nasema deni hili nitalifuta.
Shekhe angenikemea, najua, deni la marehemu ni zito.
Lakini anayedaiwa hutafutwa,
na mimi nilipenda kumtafuta.

Kishale kinapepesa. Njano ni neno gani?

Nachukua pochi. Noti tatu za ishirini
naziweka kwenye bahasha ya chama, nalamba gundi.
Naandika: "imelipwa."
Nafuta. Naandika: "imelipwa na rafiki, amechelewa."

Nakala moja kwenye diski ya nje, nakala moja karatasini.
Printa inaishiwa wino kwenye herufi S;
wa mwisho wanatoka kijivu, wanasomeka ukiinamisha taa.

Saa kumi na moja kasorobo. Zamu yangu ya Brackmills saa kumi na mbili.
Hasira sina. Nabofya.
Asilimia mbili. "Usizime kompyuta yako."
Navaa buti taratibu, kwa kunyata,
kama ndani kuna mtu anayeoshwa.